Kazi ipi uikabidhi kwa akili mnemba, na ipi ubaki nayo: mwongozo kamili kwa mfanyabiashara

Wafanyabiashara wengi wakianza kuizungumzia akili mnemba, swali la kwanza huwa: "Je, inaweza kufanya kazi hii?" Siku hizi jibu karibu kila mara ni ndiyo. Inaandika barua, inasoma picha ya ankara, inajibu wateja, inatafsiri Kichina, inatunga matangazo. Swali lenye pesa ndani yake ni jingine: ikikosea, nani ataliona hilo kosa, ataliona baada ya muda gani, na nani atalipa? Kazi ambayo kuikagua kunachukua muda sawa na kuifanya haikupi faida, hata mashine iwe hodari namna gani. Kazi ambayo kosa lake unalikamata kwa kutupia jicho tu inafaa kukabidhiwa hata kwa mashine ya wastani.

Ili tusizungumze hewani, nitachukua biashara ya aina moja na kuipitia: duka la jumla la vipuri vya pikipiki Kariakoo, lenye wafanyakazi wanne au watano, linaloagiza mzigo China, linalouzia mafundi na wenye maduka wa mikoani, linalopokea oda kwa WhatsApp na malipo kwa lipa namba. Ukiwa na duka la dawa Kisumu au ofisi ya usafirishaji Mwanza, kazi zitabadilika majina, lakini zitapimwa kwa namna hiyo hiyo.

Hatua ya kwanza: andika kazi zinazofanyika kweli

Nunua daftari, liweke kaunta, na kwa wiki mbili kila mtu aandike kazi anazozifanya yeye mwenyewe. Usimwachie mtu mmoja awaandikie wenzake, maana ataandika kazi anazodhani zinafanyika. Kila mstari uwe na mambo haya: kazi yenyewe, mara ngapi kwa siku, dakika ngapi kila mara, taarifa imetoka wapi (ujumbe, karatasi, kichwani mwa bosi), na kosa la mwisho kwenye kazi hiyo lilileta nini.

Safu hiyo ya mwisho watu huiruka. Usikubali. Bila hiyo, utabaki na orodha ya kazi zinazochosha, na kazi inayochosha si lazima iwe ndiyo inayofaa kukabidhiwa.

Daftari likijazwa vizuri litakuonyesha pia mambo ambayo hukuyatarajia. Katika maduka mengi sehemu kubwa ya muda huishia kwenye kutafuta jibu lililo kwa mtu mmoja: "Bosi, hii leo tunauzaje?" Watu wanne wanamuuliza mtu mmoja swali moja siku nzima. Hapo hakuna haja ya mashine yoyote. Panahitajika orodha ya bei iliyoandikwa na kubandikwa.

Ukurasa wa nyuma wa daftari, andika kazi ambazo hazifanyiki kabisa kwa kukosa muda: kuwakumbusha waliochukua mali kauli (yaani kwa mkopo), kulinganisha mauzo na miamala kila jioni, kuwajibu wateja wanaoandika usiku. Ukurasa huo utakuwa na thamani kuliko unavyoonekana sasa.

Hatua ya pili: vunja kila kazi vipande

"Kushughulikia oda" huonekana kama kazi moja. Tuifungue. Mteja wa Songea anatuma ujumbe wa sauti: anataka cheni na sproketi za Boxer seti ishirini, na brekishuu za TVS katoni mbili. Mtu wako anausikiliza. Anajua, au anauliza, kama ni Boxer ya 100, 125 au 150. Anaangalia stoo. Anapanga bei, na mteja huyu ana bei yake kwa sababu ya ukongwe wake. Anaandika proforma, yaani ankara ya awali. Anahakikisha pesa imeingia. Anatoa risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi. Anafunga mzigo, unapelekwa kwenye basi, anamtumia mteja namba ya mzigo.

Humo ndani akili mnemba ina kazi mbili: kuugeuza ujumbe wa sauti kuwa orodha iliyoandikwa, na kuandika rasimu ya majibu. Kuangalia stoo ni kazi ya kumbukumbu. Bei ni uamuzi wako. Risiti ni sheria. Kufunga mzigo ni mikono. Anayekuuzia mfumo "unaoshughulikia oda zote" anataka ulipie vipande vyote wakati anakusaidia viwili.

Kata mpaka kila kipande kiwe na kitu kimoja kinachoingia na kimoja kinachotoka. Kipande usichoweza kukieleza hivyo bado hujakielewa vya kutosha kumkabidhi yeyote, awe mtu au mashine.

Hatua ya tatu: pitisha kila kipande kwenye chujio

Kabla hujafikiria akili mnemba, kila kipande kijibu maswali matatu, kwa mpangilio huu.

Je, kinaweza kufutwa? Kuna maduka yanayonakili mauzo kwenye daftari, kisha kwenye daftari jingine, kisha kwenye Excel, kwa sababu tu mhasibu wa miaka ya nyuma alitaka hivyo. Ukiliwekea hilo mashine, utakuwa umelipia kitu ambacho kukiacha ni bure.

Je, kinafuata kanuni isiyobadilika? Kulinganisha mauzo na miamala ya lipa namba ni mfano mzuri. Kila muamala una namba ya kumbukumbu, kiasi na muda. Pakua taarifa ya miamala, iweke kwenye Excel kando ya mauzo ya siku, acha fomula itafute namba zinazofanana. Fomula haikisii. Programu ya akili mnemba inayozalisha maandishi hujenga jibu lake kwa kukadiria neno linaloelekea kufuata, na ndiyo maana inaweza kukupa jumla iliyokosewa kwa sauti ile ile ya uhakika inayotumia ikipatia. Hesabu za pesa ziende kwa fomula.

Je, tayari unayo programu ya kawaida inayokifanya? WhatsApp Business, ya bure kabisa, ina ujumbe wa salamu, ujumbe wa kujibu duka likiwa limefungwa, majibu yaliyoandaliwa unayoyaita kwa kifupi, na katalogi ya bidhaa. Maswali kama "mpo wapi?", "mnafungua saa ngapi?" na "mnatuma mikoani?" yanamalizika hapo. Mwenye duka anayelipia kila mwezi roboti ya kujibu maswali hayo hajaifungua mipangilio ya simu yake.

Kinachobaki baada ya chujio ni kazi za aina moja: zinazoingia zikiwa vurugu (sauti, mwandiko wa mkono, lugha tofauti, maelezo marefu) na zinazohitaji kutoka zikiwa na mpangilio. Huko ndiko akili mnemba inakostahili hela yako.

Hatua ya nne: kosa linaonekana? Linarudishika?

Vipande vilivyobaki vipime kwa mambo mawili haya. Miongozo mingi huongeza vigezo kumi, wakati hivi viwili vinaamua karibu kila kitu.

Kosa linaloonekana ni lile ambalo ukweli wake uko karibu. Ukitafsiriwa orodha ya mzigo kutoka Guangzhou na ikasema katoni ya saba ina klachi, siku ya kufungua kontena utaona kama ni klachi. Ukiandikiwa tangazo la Instagram, utalisoma lote kwa nusu dakika. Lakini ukipewa muhtasari wa mkataba wa kurasa ishirini, huwezi kujua kilichoachwa bila kuusoma mkataba wote, na ukishausoma, muhtasari wa nini?

Kosa linalorudishika ni lile ambalo kesho linaweza kusahihishwa kwa gharama ndogo. Tangazo lenye neno baya linafutwa. Bei iliyoahidiwa kwa mteja hairudi kirahisi, na mzigo ulioachiliwa kwa pesa ambayo haijaingia haurudi kabisa. Hapa nitoe onyo moja mahususi. Kuna mifumo inayojitangaza kwamba inasoma picha ya ujumbe wa malipo aliyoituma mteja na kuthibitisha oda yenyewe. Kila mtu Kariakoo anajua jinsi ujumbe wa malipo unavyoghushiwa. Mashine itakwambia kwa usahihi kabisa kilichoandikwa kwenye picha, nayo picha ni ya uongo. Malipo yanathibitishwa kwenye akaunti yako, basi.

Usitegemee pia kwamba kosa la mashine litabebwa na mashine. Mwezi Februari 2024 baraza la usuluhishi la British Columbia, Kanada, liliamua kesi ya abiria aliyeelezwa na roboti ya mazungumzo ya Air Canada kwamba anaweza kuomba nauli nafuu ya msiba baada ya safari. Haikuwa kweli. Kampuni ilijitetea kana kwamba roboti hiyo ni chombo kinachojitegemea, chenye kuwajibika kwa maneno yake. Baraza lilikataa, na kampuni ikaamriwa kumlipa abiria dola 812 za Kanada. Kiasi ni kidogo kwa shirika la ndege. Lakini msimamo wenyewe ndio mteja wako atakaokuja nao kaunta akiwa na simu mkononi: duka lako ndilo lililomwambia.

Hatua ya tano: piga hesabu kwa shilingi, kwa mishahara ya hapa

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo itakayokuzuia kununua vitu kwa mkumbo.

Tuseme msaidizi wako analipwa shilingi 400,000 kwa mwezi, anafanya kazi siku 26, saa nane kwa siku. Hizo ni saa 208, yaani takriban shilingi 1,923 kwa saa. Anajibu ujumbe 60 kwa siku, dakika nne kila mmoja: dakika 240, nusu ya siku yake. Kwa mwezi ni saa 104, zenye thamani ya shilingi 200,000.

Sasa akili mnemba inaandika rasimu, yeye anasoma, anarekebisha na kutuma. Tuseme kila ujumbe unamchukua dakika moja na nusu. Inakuwa saa 39 kwa mwezi, shilingi 75,000. Umeokoa shilingi 125,000. Watu wengi huishia hapa na kununua.

Endelea. Usajili wa dola 20 kwa mwezi, tukikadiria dola kwa shilingi 2,600, ni 52,000. Inabaki 73,000. Kisha weka makosa. Kwa mwezi ni ujumbe 1,560. Jibu moja kati ya mia likipita na bei ya chini, na kila kosa likakupotezea shilingi 5,000 kwa sababu umeona haya kumrudi mteja, hiyo ni 78,000. Mwezi umekwisha, una hasara ya shilingi 5,000 na msaidizi mwenye muda wa kuangalia mpira.

Usiitupe kazi hiyo bado. Angalia ni kipande gani kilichokula faida: bei. Zuia rasimu zisitaje bei kabisa, au bei ichukuliwe na programu moja kwa moja kutoka kwenye jedwali lako, isitungwe. Kosa lililobaki sasa ni sentensi iliyokaa vibaya, ambayo haikugharimu kitu, na faida yako ya 73,000 inarudi karibu yote.

Hesabu hii inaonyesha pia kwa nini ushauri mwingi wa mtandaoni haututoshi. Unaandikwa kule ambako kazi ya mtu ni ghali. Kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu ya Marekani ni dola 7.25 kwa saa, kwa hiyo usajili wa dola 20 unajilipa ukiokoa chini ya saa tatu kwa mwezi. Kwa msaidizi wetu, shilingi 52,000 ni saa 27. Programu ile ile, bei ile ile, lakini hapa inadaiwa ifanye kazi karibu mara kumi zaidi ndipo ijilipe.

Ndiyo maana, kwa maoni yangu, mfanyabiashara wa huku asiitafute faida ya akili mnemba kwenye mshahara anaoupunguza. Mara nyingi haipo hapo. Rudi kwenye ule ukurasa wa nyuma wa daftari. Madeni ya mali kauli yasiyofuatiliwa, wateja wa usiku wanaohamia duka la jirani kufikia asubuhi, barua za muuzaji wa China unazozijibu kwa kubahatisha. Kazi ambayo haikuwa ikifanyika haina mshahara wa kuokoa, lakini ina pesa ya kuingiza. Pia hesabu saa za mwenye duka kwa bei tofauti na za msaidizi. Jioni moja ya bosi aliyekaa akijaza maelezo ya bidhaa mia mbili ni jioni ambayo hakukutana na mteja mkubwa wa Mbeya.

Kama huduma yako inatozwa kwa wingi wa maandishi badala ya usajili wa mwezi, usikadirie kwa mifano ya Kiingereza. Mifumo hii huyakata maandishi vipande vipande kabla ya kuyasoma, na Kiswahili kwa kawaida hutoa vipande vingi zaidi kuliko Kiingereza kwa maana ile ile. Pima kwa ujumbe wako mwenyewe.

Hatua ya sita: jaribu kwa kazi za zamani

Usijaribu kwa maswali mazuri uliyoyatunga. Chukua ujumbe mia moja wa kweli wa miezi iliyopita, ambao unajua jinsi ulivyojibiwa na oda iliishaje. Futa majina na namba za simu. Zipitishe zote, kisha hesabu mafungu matatu: sahihi, makosa madogo, na makosa ambayo yangekugharimu pesa au mteja. Fungu la tatu lihesabiwe peke yake. Mfumo wenye makosa madogo ishirini na kubwa sifuri ni bora kwako kuliko wenye makosa matatu, yote makubwa.

Hakikisha kwenye hiyo mia kuna ugumu wa kwetu. Weka ujumbe unaosema "nakuja kuuchukua saa nane", uone kama mashine inaelewa ni mchana. Weka bei za mtaani: "laki mbili na nusu", "buku tano", "nifanyie mia themanini" ikimaanisha 180,000. Weka ujumbe wa sauti uliorekodiwa gereji, kelele za injini nyuma. Weka mteja aliyeandika bila nukta wala herufi kubwa, na winga (dalali wa mtaani) anayeuliza bei ya kitu ambacho huna ili apime kama unakijua. Huyu wa mwisho ni muhimu. Ukiona mashine inampa bei ya bidhaa isiyo kwenye orodha yako, umeshapata kosa lako kubwa la kwanza.

Zihifadhi hizo mia. Utazihitaji tena.

Hatua ya saba: toa madaraka kidogo kidogo

Kuna ngazi tatu. Ya kwanza, mashine inapendekeza na mtu anatuma. Ya pili, mashine inatuma, mtu anakagua baadhi kila siku. Ya tatu, mashine inafanya yenyewe na mtu anaitwa ikikwama. Kila kipande kianze ngazi ya kwanza, na vingi vibaki hapo milele bila aibu yoyote.

Hatari ya ngazi ya kwanza iko kwa mkaguzi. Akishaona rasimu arobaini mfululizo ziko sawa, ya arobaini na moja anaituma bila kuisoma. Dawa yake ni rahisi na ina uchokozi kidogo: mara kwa mara pandikiza rasimu yenye kosa la wazi, uone kama itakamatwa. Waambie watu wako mapema kwamba utafanya hivyo, la sivyo watadhani unawatega ili uwafukuze.

Na usimwondoe mtu kabla hujapima ubora kwa muda wa kutosha. Klarna, kampuni ya malipo ya Uswidi, ilitangaza Februari 2024 kwamba msaidizi wake wa akili mnemba anafanya kazi sawa na ya watu 700 wa huduma kwa wateja. Mwaka 2025 mkuu wake, Sebastian Siemiatkowski, alikiri kwamba ubora ulishuka na kampuni ikaanza kuajiri watu tena. Klarna ina mtaji wa kugeuza njia namna hiyo. Duka likishampoteza kijana anayejua kila kipuri kwa kukishika, halimpati tena kwa tangazo.

Taarifa za watu

Kabla hujawasha chochote, angalia unachokipeleka nje. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake inataka wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu wasajiliwe. Kenya ina sheria yake ya 2019. Zote zinaweka masharti ya kusafirisha taarifa nje ya nchi, na zote zinampa mtu ulinzi dhidi ya uamuzi mzito uliofanywa na mashine pekee. Mifumo mingi hii hukaa kwenye kompyuta zilizo nje, kwa hiyo kubandika daftari la wadeni lenye majina, simu na namba za NIDA kwenye programu ya bure si jambo la kufanya. Badilisha majina kuwa namba (Mteja 14, Mteja 15) na ubaki na ufunguo wako. Kazi nyingi zinakwenda vizuri bila jina hata moja.

Tukirudi dukani

Baada ya hatua zote, hivi ndivyo ningeigawa kazi ya duka letu.

Karatasi na mazungumzo ya China: kabidhi, na uanzie hapa. Kutafsiri mazungumzo na muuzaji, kulinganisha ankara na orodha ya mzigo, kuandika madai ya katoni zilizopungua. Kazi hii inaokoa muda wa bosi, makosa yake mengi yanaonekana, na zamani ilikuwa inafanywa kwa kubahatisha. Mipaka yake iko kwenye forodha. Mashine inaweza kupendekeza bidhaa iangukie kifungu gani cha ushuru, lakini anayeamua ni wakala wako wa forodha. Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki una viwango vikuu vya asilimia 0, 10, 25 na, tangu Julai 2022, 35. Kuteleza kutoka kiwango kimoja hadi kingine kwa kontena zima kunaweza kumeza faida yote ya mzigo.

Maelezo ya bidhaa na matangazo: kabidhi, soma kabla ya kubandika, maliza.

Ujumbe wa wateja: rasimu tu, bila bei. Usiku, jibu la kawaida la WhatsApp Business linamwambia mteja aache oda yake, na asubuhi mashine inazipanga oda zote za usiku kuwa orodha moja inayosomeka.

Ukumbusho wa madeni: kabidhi uandishi. Inajua kuandika ujumbe wa upole kwa mzee wa Iringa na mwingine wa msimamo kwa aliyechelewa miezi mitatu. Lakini kila ujumbe upite mikononi mwako, maana huenda mzee yule amefiwa wiki hii na mashine haijui.

Nani apewe mali kauli: usikabidhi. Daftari lako linaonyesha nani alilipa lini, halionyeshi kwa nini alichelewa, na mtu anayekataliwa anastahili kuambiwa sababu na mtu.

Kiasi cha kuagiza: hapa wengi hukimbilia akili mnemba bila sababu. Kama unauza seti 40 za cheni kwa wiki na mzigo huchukua wiki 10 kufika, unahitaji seti 400 za kukuvusha, ongeza akiba ya wiki mbili, 80. Stoo ikifika 480, agiza. Hesabu hiyo inakaa kwenye seli moja ya Excel. Duka lisilojua liliuza seti ngapi mwezi uliopita halitasaidiwa na utabiri wa aina yoyote, kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuandika mauzo kila siku bila kuruka.

Risiti za EFD, mishahara na makato yake: zibaki kwenye mashine na programu zilizotengenezwa kwa kazi hizo.

Baada ya kuwasha

Andika mapema, kwenye karatasi, ni lini utaizima: kwa mfano, makosa makubwa mawili ndani ya wiki moja, au gharama ikizidi kiasi ulichopanga. Usipoandika kabla, utaendelea kulipia kwa sababu tu umeshaanza.

Njia ya zamani isifutwe. Umeme utakatika, intaneti itapotea siku ya mnada mkubwa, kadi ya benki itakataa malipo ya dola. Msaidizi awe bado anaweza kuchukua oda kwa kalamu.

Watengenezaji wa mifumo hii huibadilisha bila kukuuliza. Kilichojibu vizuri Machi kinaweza kujibu vingine Agosti. Kila baada ya miezi mitatu, na kila unapoambiwa kuna toleo jipya, toa zile ujumbe mia ulizozihifadhi, zipitishe upya, hesabu mafungu yale yale matatu, na andika matokeo kando ya yale ya mwanzo. Fungu la makosa makubwa likiongezeka, kirudishe kipande hicho ngazi moja chini siku hiyo hiyo, kisha ndipo umpigie muuzaji wa mfumo.